Mtoto wa fundi na twiga wa Konark

Bhubaneswar, India, Jumapili usiku

Mwanangu Jumaa,

Mimi mzima, ila chai ya huku tamu kushinda hata ya bibi yako. Leo hatukuwa na mafunzo, wakatupeleka Konark, kwenye hekalu la Surya, mungu wa jua. Alilijenga mfalme Narasimhadeva wa Kwanza katikati ya karne ya 13, kwa umbo la gari la kukokotwa: magurudumu 24 ya mawe na farasi 7 wakilivuta kuelekea mashariki.

Gurudumu moja lina kimo cha mita 3 hivi. Husomewa saa kwa kivuli cha jua: spoki nene ni 8, na kutoka moja hadi nyingine ni muda wa saa tatu. Mtembeza wageni akaweka kidole kwenye kitovu, akafuata kivuli, akasema saa nne na nusu. Nikatazama simu. Kakosea dakika chache tu!

Saruji hamna. Mawe yamechongwa yakakaliana, mengine yakabanwa kwa vyuma. Paa nalo halina tao: kila safu imetokeza kidogo kuliko ya chini yake mpaka zikakutana juu. Nilitamani sana kuliona kwa ndani, lakini mwaka 1903 Waingereza walijaza ukumbi mchanga usije ukaanguka, wakaziba milango. Fundi mzima nimeambulia kupapasa ukuta. Mnara mkubwa wenyewe haupo, kipande chake cha mwisho kilianguka karne ya 19.

Sasa sikiliza hadithi yao. Waashi 1,200 walijenga miaka 12, jiwe la kileleni likawashinda. Mfalme akaapa: lisipokaa kesho, vichwa vyao halali yake. Usiku ule akaja Dharmapada, mtoto wa fundi mkuu, umri wake kama wako, miaka 12, akaona kosa, akapanda, akalikalisha. Mafundi badala ya kushangilia wakaingiwa na hofu: mfalme akijua mtoto ndiye aliyeweza, wao watapona? Kijana akajirusha baharini kutoka juu.

Wenzangu walisikiliza wakaendelea kupiga picha. Mimi nilikwenda kukaa kivulini.

Unakumbuka Desemba, pale saiti, uliposema ukuta umelala? Nikakwambia mbele ya vibarua nenda kachote maji. Ulipoondoka nilishusha timazi. Ulikuwa umelala kweli, na jioni nilibomoa kozi mbili peke yangu. Sikukwambia. Nakwambia leo, na nikirudi nitawaambia na wale vibarua. Baba yake Dharmapada alikuwa pale usiku ule, na katika hadithi nzima sikusikia akisema "mwanangu, shuka."

Halafu kuna twiga. Upande wa kusini, chini kabisa kwenye msingi, mfalme yuko juu ya tembo na watu wamemletea twiga, shingo ile ile unayoijua. Mnyama wa kwetu, jiweni Uhindi, miaka mia saba na zaidi! Kwa jahazi gani, na nani alimlisha njiani? Niliinama kumpiga picha, mlinzi akanipulizia filimbi kwa kuwa nimekanyaga majani.

Picha nimemtumia mama yako. Mwonyeshe mdogo wako, aliyebisha kwamba India hakuna twiga. Mwambie kasema kweli, ni huyu mmoja tu.

Baba yako