Joto la pwani na dawa za saratani zinazotoka polepole

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie dawa za saratani zinazofumbatwa ndani ya polima, yaani kitu mfano wa plastiki kinachovunjika mwilini polepole, ili ziingie mwilini kidogo kidogo kwa majuma au miezi. Wagonjwa wa saratani ya tezi dume wanaotumia goserelini wanakijua kile kipandikizi chembamba cha miligramu 3.6, kinachodungwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28.

Wengi huamini kwamba dawa ikishafungiwa humo imesalimika. Sivyo. Polima hiyo imeundwa kwa asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, na maji ndiyo yanayoivunja. Kazi hiyo tunaitaka ifanyike mwilini, lakini unyevunyevu ukipenya mapema huweza kuianzisha kabatini, na hapo hatuna tena uhakika wa kiasi kitakachomfikia mgonjwa kila siku. Ndiyo maana sindano yake huja katika pakiti ya alumini yenye kinyonya unyevu, ambayo hufunguliwa mgonjwa akiwa tayari kudungwa, na maelekezo yake hukataza joto linalozidi nyuzi 25 za Selsiasi. Hapa Tanga, mchana wa mwezi Machi hupita nyuzi 30, sembuse ndani ya buti la basi litokalo Dar es Salaam.

Mwilini nako kemia haitulii. Polima inapovunjika, asidi hujikusanya ndani yake. Asidi hiyo huweza kuharibu dawa za jamii ya protini, ilhali huifaa kamptothesini, dawa nyingine ya saratani, kwa sababu pete yake ya laktoni, yaani sehemu ya molekuli inayoipa nguvu, hubaki imefunga penye asidi, lakini katika damu hufunguka na dawa ikapungua nguvu. Karmustini, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 1996 iwekwe ubongoni ndani ya visahani vya polima baada ya uvimbe kuondolewa, huharibika upesi kiasi kwamba visahani hivyo hutunzwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo uimara wa dawa moja hauwezi kuwa ushahidi wa uimara wa nyingine.

Naiomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba isisitize maelekezo ya utunzaji yaandikwe kwa Kiswahili juu ya boksi lenyewe, na wafamasia wenzangu tusimkabidhi ndugu wa mgonjwa dawa ya namna hii kabla hatujamuuliza atasafiri nayo vipi na atakapofika ataiweka wapi.

Mfamasia,
Ngamiani, Tanga