Mistari Uliyoifuta Katika Risala

Likoni, Mombasa
Desemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta salama huko Voi kwa mjomba wako, na kwamba kazi ya dukani haikuchoshi sana. Sisi huku hatujambo, na mama yako anakusalimu na kukukumbusha kwamba ukirudi umletee nyanya za Taveta kama ulivyomwahidi. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu kwa sababu jambo ninalotaka kukueleza halipendezi kukatizwa katikati, na pia kwa sababu lenyewe lilianzia kwenye karatasi.

Jumamosi iliyopita nilizitoa suruali zako mbili za shule nizifumue, nione kama kitambaa chake kinaweza kumfaa binamu yako anayeingia gredi ya kumi Januari. Fundi hatii mkasi kwenye nguo kabla ya kukagua mifuko, na katika mfuko wa nyuma wa ile suruali ya pili nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa rasimu ya risala uliyoisoma kwa niaba ya darasa lenu siku ya maombi, kabla hamjaingia kwenye mtihani wa kidato cha nne. Niliifungua nikidhani naijua yote, kwa kuwa siku ile nilikaa safu ya tatu na sikukosa hata neno moja. Kumbe katikati palikuwa na mistari sita uliyoifuta kwa wino, ukaipitia mara ya pili ili isisomeke, lakini wino wako ulikuwa hafifu na macho yangu yamezoea kutafuta uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi. Niliisoma. Nakuomba radhi kwa kuisoma bila idhini yako, na nitarudi kwenye mistari hiyo baada ya kukueleza kwanza jinsi nilivyoisikia risala yenyewe, maana tangu siku ile mtihani ulitubana sote nasi hatukupata kuizungumza.

Ulianza na korona, na ulifanya vizuri kuanza hapo. Watu wazima tumeanza kuisahau ile miaka, lakini darasa lenu liliibeba mgongoni. Mlikuwa darasa la saba shule zilipofungwa Machi 2020, mkarudi Januari 2021, mkafanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Machi 2022, na Mei mwaka huohuo mkawa kwenye lango la sekondari na masanduku yenu na sare zilizowapwaya. Mwaka mzima wa kidato cha kwanza uliminywa ukaisha Novemba. Uliposema kwamba kidato cha kwanza mlikisoma kama mtu anayekunywa uji wa moto huku matatu inapiga honi, niliwaona walimu wakitazamana na kutikisa vichwa, kwani wao ndio waliokuwa wakiumimina uji huo. Nami nilikumbuka kwamba niliacha pindo la vidole vinne ndani ya suruali yako ya kwanza, nikitarajia kuliteremsha kidogo kidogo kwa miaka miwili, lakini ulikua kwa kasi ileile ya kalenda na pindo lote likaisha kabla ya kidato cha pili kwisha.

Kisha ukaja kwenye feri ya kutoka huku Likoni kwenda kisiwani. Ulieleza jinsi wanafunzi wa ng'ambo mlivyokuwa na udhuru mmoja usiochakaa, kwamba kengele ikilia nanyi mko nje ya lango, jibu kwa mwalimu wa zamu lilikuwa feri, iwe mvua au jua, iwe feri ilichelewa au ilikuwa inavuka kama kawaida. Udhuru huo ukapendwa hata na wasiokuwa na haki nao, mpaka asubuhi moja mwenzenu anayekaa Tudor, ndani ya kisiwa hichohicho ilipo shule, alipoulizwa kwa nini amechelewa akajibu bila kufikiri kwamba feri ilikwama katikati ya maji. Mwalimu akamwuliza kama Tudor imehamishiwa ng'ambo usiku bila ya serikali kutangaza. Sijapata kuona ukumbi wa wazazi ukicheka namna ile. Mzee aliyekuwa kando yangu, ambaye baadaye nilifahamu kwamba ndiye baba wa kijana huyo wa Tudor, alicheka hadi akavua kofia akajipangusa machozi, na mwanawe alisimama akapunga mkono kama mgombea aliyeshinda kura. Huo ndio utani ninaoupenda, kwa sababu anayetaniwa alikuwa wa kwanza kusimama.

Kile kisa cha insha nacho nimekisimulia kibandani kwangu mara nyingi kiasi kwamba wateja wengine wanakijua kabla sijakimaliza. Kila aliyesoma Kiswahili katika shule za Kenya amewahi kuandika kisa chenye jua linalochomoza kutoka mashariki, kikaisha kwa mhusika kuzinduka na kugundua kwamba kumbe yote ilikuwa ndoto. Lakini huyo mwenzenu aliyeimaliza hata barua rasmi ya kuomba kazi kwa kuamka kitandani akitokwa na jasho jembamba, yeye amewapita wote. Uliposema kwamba siku ya karatasi ya 102/1, ile ya insha ya Kiswahili, darasa zima litamwombea asilale, yeye mwenyewe ndiye aliyeitikia "amina" kwa sauti kubwa zaidi, mbele ya shehe na mchungaji waliokuwa wameketi pamoja jukwaani.

Sehemu iliyonigusa kwa namna ya pekee, pengine kwa sababu ya kazi yangu, ni ile ya mwaka huu wenu wa mwisho. Ulisema kwamba kwa miaka mitatu mlisubiri kwa hamu siku ambayo nanyi mtakuwa wakubwa, mtume wadogo kuteka maji, muwaonyeshe vyoo vilipo na kuwaelekeza vibaya kwa makusudi, na ilipofika Januari 2025 mkakuta kwamba hakuna kidato cha kwanza. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 walikwisha kuingia 2024, na wanaowafuata, wa mtaala mpya, wamo bado katika gredi ya tisa. Nyinyi ndio mkawa wakubwa wa shule yenye vidato vitatu, wafalme wasio na raia wapya, kama ulivyosema. Watu walicheka, nami nilicheka, lakini nilikuwa pia nikiukumbuka ule Januari ulivyokuwa hapa kibandani. Kila mwaka Januari ndiyo huwa mavuno yangu. Wazazi hupanga foleni hadi kwenye mlango wa jirani, nami hukanyaga cherehani hadi usiku wa manane. Mwaka huu nilikata suruali chache za kubadilisha zilizochanika, basi. Ada yako ya muhula wa kwanza ilitoka kwenye vitambaa vya mapazia na marinda ya harusi, na sikukuambia kwa sababu ulikuwa na mtihani mbele yako. Ninakueleza sasa kwa kuwa umekwisha kuufanya, na kwa kuwa wewe uliuona upungufu huohuo kutoka upande wa pili, ukiwa darasani na mimi nikiwa kwenye cherehani, na kila mmoja wetu akanyamaza.

Kabla sijafika kwenye ile mistari, kuna neno moja ambalo sikulipenda katika risala yako na ni lazima nikwambie, maana nikilinyamazia nitakuwa nimekusifu kwa uongo. Ulipomwiga mlinzi wa lango kwa sauti yake na kikohozi chake, darasa lilicheka lakini yeye alikuwa amesimama mlangoni kwa nyuma, na nilipogeuka nilimwona akijipangusa kinywa kwa leso na kuingia kwenye kibanda chake. Najua hukuwa na nia mbaya. Mlikuwa mkimpenda, na katika risala hiyohiyo mlimshukuru kwa kuwafungulia lango mara nyingi kuliko alivyoruhusiwa. Hata hivyo, kikohozi kile ni ugonjwa, na mgonjwa hawezi kusimama akapunga mkono kama yule kijana wa Tudor. Ukirudi kutoka Voi, nenda shuleni ukamwone kabla hujaenda popote pengine, umwombe radhi kwa maneno yako mwenyewe, na umchukulie chochote cha mkononi.

Sasa nirudi kwenye mistari sita. Humo ulikuwa umeandika kuhusu rafiki yako, ambaye sitamtaja kwa jina hata katika barua hii ya kwetu wawili. Uliandika kwamba suruali yake ilikuwa na viraka vingi hadi darasa likampa lakabu ya Ramani, kwa kuwa Kenya ina kaunti 47 na yeye alikuwa ameongeza nyingine tatu kwenye makalio. Kwa maneno matupu ni utani uliofumwa vizuri, na sitakuficha kwamba mdomo wangu ulikwisha kufunguka kwa kicheko kabla moyo haujafika. Kisha nikakumbuka kwamba kaunti zile nilizishona mimi.

Tangu mlipokuwa kidato cha pili, kijana huyo alikuwa akija hapa kibandani baada ya sala ya isha, wakati wewe umekwisha kwenda nyumbani na mkoba wako. Alikuwa na suruali moja tu. Nilikuwa nikimpa kikoi changu ajifunge, akakaa nyuma ya pazia la kupimia nguo akisoma kwa taa yangu, huku mimi nikitafuta kipande cha kijivu kinachokaribiana na rangi iliyobaki kwenye ile yake. Kazi ikiisha alitaka kulipa, na alipoona sipokei, alichukua ufagio akafagia nyuzi na mabaki ya vitambaa, akapanga viti, akaaga kwa adabu na kuondoka. Mara mbili nilimwambia kwamba nina kitambaa cha kutosha kumshonea mpya. Mara zote mbili alinishukuru akakataa, akasema mama yake angeuliza imetoka wapi naye hataki kumwona akihuzunika. Sikumwambia mtu yeyote, wala mama yako, wala wewe. Siri ya mteja hukaa kibandani.

Kwa hiyo sijui ulijuaje. Labda ulipita usiku mmoja ukaona viatu vyake mlangoni. Labda hukujua lolote, na kalamu yako ilisita yenyewe ulipojaribu kumwazia akikusikiliza. Sitakuuliza, na huna haja ya kunijibu. Ninachojua ni kile ulichokiandika kando, kwa herufi ndogo, mahali pa mistari uliyoifuta, na ambacho ndicho tulichokisikia ukumbini: kwamba ndani ya feri ya asubuhi, katikati ya msongamano na mizigo na baiskeli, rafiki yako alikuwa akiwafundisha wenzake logi za hisabati kwa sauti kubwa, mpaka mchuuzi wa njugu aliyekuwa akivuka nanyi kila siku akaanza kusahihisha majibu. Darasa lilipiga makofi. Yeye aliinuka, akashika kifua, akainama kwa walimu, akainama kwa wazazi, akainama tena kwa darasa, na watu wakazidi kucheka na kumshangilia. Mama yake alikuwa safu ya mbele yangu, na alikuwa akicheka pamoja na wengine, akimwuliza jirani yake hiyo logi ni kitu gani.

Mwanangu, nimeshona nguo za watu kwa miaka mingi na nimesikia sifa nyingi za wana wa watu zikisemwa kibandani humu, alama walizopata, vyuo walivyoitiwa. Matokeo yenu bado hayajatoka, na yatakapotoka tutayapokea kama yatakavyokuja. Lakini fahari niliyoipata Jumamosi, nikiwa na karatasi ile mkononi na suruali yako mapajani, haisubiri matokeo. Nilikaa kitambo kirefu bila kukanyaga cherehani, hata jirani muuza viazi akachungulia kuuliza kama umeme umekatika.

Habari nyingine ni kwamba rafiki yako huyo ameanza kuja hapa mchana tangu wiki mbili zilizopita. Aliomba ajifunze kazi wakati akisubiri matokeo, nami nimempa cherehani ya zamani ya marehemu babu yako. Mkono wake ni mwepesi. Zipu amekwisha kuzimudu, na sasa yumo katika kola. Wazazi wa gredi ya kumi wameanza kuulizia bei za sare, kwa hiyo Januari hii nitahitaji mikono yenu nyote wawili ukirudi. Ameniambia kwamba darasa zima linataka nakala ya risala ili kila mmoja awe nayo, na ameniomba nikuombe. Nakala safi unayo wewe, basi itume kwa simu yake moja kwa moja.

Hii rasimu sikumwonyesha. Niliikunja kama ilivyokuwa, nikaitia katika kopo la vifungo, chini kabisa, juu ya rafu ambayo yeye hafiki. Ukitaka niichome, niambie. Ukitaka kuichukua mwenyewe, itakusubiri hapo.

Msalimie mjomba wako na shangazi, na usisahau nyanya za mama yako.

Ni mimi baba yako.