Eti balozi kapelekwa "hapo jirani tu"

Ndugu Mhariri,

Juzi nilikuwa kijiweni kwetu hapa Longido, karibu na mpaka wa Kenya, redio ikawa inasoma majina ya mabalozi wapya. Aliyepangiwa Ulaya vijana walimpigia makofi: "Huyo ameula!" Jina la anayekwenda nchi jirani liliposomwa, mmoja akakunja uso kama aliyetafuna ndimu. "Masikini, huyu kapelekwa hapo jirani tu." Wakacheka wote. Mimi nikamaliza kahawa yangu kimya, nikarudi nyumbani na hasira ambayo mke wangu alishauri niilete kwako kuliko kuimalizia kwa mbuzi.

Hao vijana siwalaumu sana. Hawakuwapo Februari 1977. Mimi nilikuwa darasa la sita. Tarehe 4 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na kesho yake, tarehe 5, CCM ikazaliwa. Shuleni tulikuwa na nyimbo nyingi za kuimba kuhusu tarehe 5, na hakuna aliyetueleza habari za tarehe 4. Tulichokiona ni kwamba Namanga palikuwa kimya, na shangazi yangu aliyeolewa Bisil, upande wa Kajiado, hakuja tena na sukari na mablanketi. Alipofiwa na mumewe, baba alikwenda kumzika shemeji yake usiku, kwa miguu, kupitia njia za panya, akarudi siku ya nne na miguu imevimba. Kutoka kwetu hadi Bisil kwa gari ni safari ya kumaliza kabla jua halijawa kali.

Sababu zenyewe zinajulikana, ingawa kila upande una namna yake ya kuzisimulia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967, ya Kenya, Uganda na Tanzania, ilikuwa imechoka. Nairobi walilalamika kwamba wenzao hawalipi, Dar es Salaam tukalalamika kwamba wenzetu wanakula peke yao. Shirika la ndege la pamoja likasimama, Kenya ikaanzisha la kwake, Tanzania ikafunga mpaka na kuyakamata magari ya watalii ya kampuni za Kenya yaliyokutwa upande huu. Kejeli za ubepari na ujamaa mnazikumbuka, sina haja ya kuzirudia.

Ninachotaka wasomaji wako wakitazame ni kitu kingine. Katika miaka yote ile ya kelele, nani alikuwa na kazi ya kila siku ya kuzungumza na upande wa pili? Chini ya Jumuiya kila nchi ilikuwa na waziri wake wa Afrika Mashariki pale Arusha, na mambo mengi yalipita mikononi mwao. Jumuiya ilipoanguka, daraja hilo nalo likaanguka. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, marais Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha. Na ni mwezi uliofuata, Desemba 1983, ndipo Tanzania na Kenya zilipokubaliana kuanzisha uhusiano kamili wa kibalozi. Kenya ilikuwa na miaka 20 ya uhuru, sisi 22. Tulikuwa tumechangia reli, bandari, posta na ndege, na nadhani tulijidanganya kwamba ndugu hawahitaji mabalozi. Balozi ni wa kupeleka kwa Wazungu. Kwa ndugu unapiga hodi tu. Haya, siku ndugu amefunga mlango kwa ndani, hodi unampigia nani?

Mali ya Jumuiya nayo ilitushinda kugawana. Ilibidi aje mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, ahesabu mabehewa na madeni yetu kwa miaka kadhaa, ndipo mkataba ukatiwa saini Arusha Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mtu wa kutoka kwenye milima ya theluji anawagawia ndugu vyungu vya mama yao! Simkejeli, alifanya kazi nzuri, na mkataba ule ule uliacha mlango wazi wa kushirikiana tena, ambao Jumuiya ya sasa iliupitia. Ila aibu yake naisikia hadi leo.

Kuna jambo moja la enzi hizo ambalo halisimuliwi kabisa, nami hulipenda kuliko yote. Desemba 1975 na Julai 1976, Jumuiya ikiwa tayari mahututi, serikali hizi mbili ziliandikiana barua na kukubaliana mpaka wa baharini, kuanzia Ras Jimbo kwenda katikati ya maji ya Pemba na visiwa vya Kisite na Mpunguti. Barua mbili tu. Watu wale wale waliokuwa wakirushiana maneno kwenye magazeti walikuwa na maofisa waliokaa na ramani na rula wakamaliza kazi. Kenya na Somalia zilipovutana kuhusu bahari hadi Mahakama ya Kimataifa ya The Hague, hukumu ikatoka Oktoba 2021, mpaka wa Kenya na Tanzania ulitajwa kama jambo lililokwisha. Sisi na Wakenya hatujawahi kupelekana The Hague kwa ajili ya samaki. Kazi nzuri ya diplomasia haina habari ya kutangaza, na ndiyo maana kijiweni haijulikani.

Mtu atasema: lakini mwalimu, nchi zetu huamua marais. Kweli. Mwaka 2008 Kenya ilipokuwa inaungua baada ya uchaguzi, Rais mstaafu Mkapa alikuwa mezani pamoja na Kofi Annan na Graça Machel, na Rais Kikwete akapanda ndege hadi Nairobi siku za mwisho, Februari 28 Kibaki na Raila wakatia saini mkataba wa kugawana madaraka. Na Mei 2021 Rais Samia alipohutubia Bunge la Kenya, hata sisi wa huku mpakani tulisikia vizuizi vinalegea wiki zile zile. Rais akishika jambo, linakwenda.

Tatizo ni pale kila jambo linapomsubiri rais. Kumbukeni mwisho wa 2014. Kenya ilizuia magari ya watalii yenye namba za Tanzania kuchukua abiria uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Tanzania ikajibu kwa kupunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Mizizi yake ilikuwa makubaliano ya utalii ya mwaka 1985, karatasi ya miaka 30 ambayo kila upande uliisoma kwa miwani yake. Suala la magari madogo ya Arusha na Nairobi lilimalizwa wapi? Windhoek! Machi 2015 Kikwete na Uhuru Kenyatta walikwenda Namibia kumwona Rais Geingob akiapishwa, wakapata nafasi ya kuzungumza pembeni. Madereva wangu wa Namanga walingoja miezi mitatu hadi Wanamibia waapishe rais wao. Nimekuwa nikijiuliza ingekuwaje kama Wanamibia wangechelewesha uchaguzi.

Au mwaka 2017, ambao hapa kwetu ulituuma zaidi. Vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege, na ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliokutwa upande wetu wakapigwa mnada. Rais Magufuli akasema hadharani kwamba Tanzania si malisho ya mifugo ya nchi jirani. Sheria ilikuwepo, sipingi. Na ugonjwa wa mifugo si mzaha, mfugaji yeyote atakuambia. Lakini Mmasai wa Longido na Mmasai wa Kajiado ni boma moja lililokatwa na mstari wa wakoloni. Kiangazi kikiwa kikali, mvua ikinyesha upande mmoja, ng'ombe huenda kwenye majani, na mwakani upande ule ule unaolalamika leo ndio utakaoomba malisho. Wazee wa pande mbili wana taratibu zao za kuombana. Nilitamani mtu mwenye cheo cha serikali awe amezijua taratibu hizo kabla ya mnada.

Hapo ndipo linapokuja neno letu wenyewe. Kwa Kiingereza, nchi za Jumuiya ya Madola zinapopelekeana wajumbe huwapa jina lingine, High Commissioner, si lile la balozi wa Marekani au Japani. Kiswahili hakina muda na ubishi huo: wote mabalozi. Na Tanzania tukaenda mbele zaidi, tangu enzi za TANU tukawa na balozi wa nyumba kumi. Wale wa umri wangu wanamkumbuka. Hakuwa na bendera kwenye gari, hakuwa na gari. Alikuwa anajua nani kagombana na nani, mbuzi wa nani kaingia shamba la nani, na alikuwa amefika hapo kabla mapanga hayajatoka. Akishindwa ndipo mambo hupanda juu. Balozi wetu Nairobi, na wa Kenya Dar es Salaam, wanahitaji kuwa watu wa namna hiyo: wanaojulikana kwenye vituo vya mpakani vya Namanga, Sirari, Holili, Tarakea na Horohoro, si Upanga ya Dar es Salaam na Upper Hill ya Nairobi peke yake.

Kenya, kwa haki, wakati fulani walituletea mtu mzito, Chirau Ali Mwakwere, aliyekuwa amewahi kuwa waziri wao wa mambo ya nje, mtu wa Pwani anayekisema Kiswahili bila kukitafuta. Huo ndio uzito ninaouzungumzia. London na Washington wana mambo makubwa, sawa, lakini amri ya London haiwezi kusimamisha lori la nyanya hapa Namanga asubuhi hii. Amri ya Julai 2025 ya kuwazuia wageni kufanya baadhi ya biashara ndogo nchini mwetu ilizua maneno Nairobi ndani ya saa chache. Mimi naiona ina haki yake kwa wamachinga wetu. Ila dada yangu binamu ana saluni Kajiado, na simu aliyonipigia jioni ile haikuwa ya salamu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako lina kurasa za wachezaji wa zamani, wanamuziki wa zamani, hata magari ya zamani. Tafuteni mabalozi wastaafu wa nchi hizi mbili waliofanya kazi baada ya 1983, wangali hai, waulizwe. Ofisi ya kwanza ilikuwaje? Nani alikataa kuwapa mkono? Ni ugomvi gani waliouzima ambao sisi hatukuusikia kamwe? Wizara yetu ya Mambo ya Nje nayo ingefanya vizuri kuyaandika kwa Kiswahili, maana kijana aliyecheka kijiweni hatasoma ripoti ya Kiingereza.

Mkimtuma mwandishi, aje Longido, nitampeleka hadi Namanga nimwonyeshe njia aliyopita baba. Shangazi bado yupo Bisil, ana miaka zaidi ya 80 na anakumbuka tarehe zote kuliko mimi. Siku hizi tunavuka kwenye kituo cha pamoja kilichozinduliwa Desemba 2018, unagongewa mihuri yote miwili ndani ya jengo moja. Aje na kitambulisho chake, na amletee shangazi sukari kidogo.

Mwalimu mstaafu,
Longido, Arusha