Asisaini kabla sijafika

Dar es Salaam

Sahibu yangu,

Salamu kutoka huku kwenye joto. Picha za mkataba wa mpwa wako wa kucheza mpira zimefika. Ukurasa wa tatu umeuziba na kidole gumba, na ndio huo hasa nilioutaka, wenye kifungu cha kuvunja mkataba. Upige tena, mkono ukae mbali.

Unasema kijana hana presha: timu ikizingua, ataweka hela mezani aondoke zake. Muulize kama anamkumbuka Fei Toto, aliyekuwa mchezaji wa Yanga, tena ni mtu wenu wa Unguja. Desemba 2022 aliwawekea Yanga milioni 112 kwenye akaunti, 100 za kuvunja mkataba na 12 za mshahara wa miezi mitatu, akaaga. Kijiweni kwetu tulisema yameisha hayo. Mimi nilibishana na fundi cherehani mpaka nikaweka dau la kahawa, nikaja kuwalipia watu wanne na kashata zao! Yanga walizikataa zile hela. Januari, Kamati ya Sheria, Katiba na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho letu la soka, ikasema bado ni mchezaji wao. Akaomba marejeo, Machi yakatupwa. Wenzake wakacheza mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, yeye hayumo. Juni, Rais Samia alipowaalika Yanga Ikulu, ndipo akawaomba walimalize jambo hilo, na Fei akaenda Azam. Sasa mpwa wako naye ana Rais wa kumsemea?

Morrison, mchezaji mwingine wa Yanga, yeye alipita upande wa pili. Mwaka 2020 Yanga walidai wana mkataba wake wa miaka miwili, yeye akaukana. Kamati ikaona mkataba una mapungufu, akavaa jezi ya Simba. Yanga wakapanda hadi CAS, mahakama ya michezo kule Uswisi, na 2021 wakashindwa tena. (Mwaka 2022 akarudi Yanga huyohuyo, na wale waliomtukana wakampokea kwa ngoma. Mpira wetu huu!) Angalia basi: klabu ni ileile, ila Morrison aliokolewa na makaratasi mabovu ya klabu, Fei akabanwa na saini yake mwenyewe.

Kuhusu mshahara kuchelewa, hapo ana pa kushika. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinasema klabu ikikaa na mishahara yako ya miezi miwili, unaiandikia barua ya madai na kuipa siku 15; isipolipa, una haki ya kuvunja. Ila iwe barua kweli, abaki na nakala. Vijana wetu wanamlalamikia meneja kwa simu, kisha wanagoma mazoezini, na kesho wao ndio watoro.

Nakuja Jumamosi na boti ya asubuhi. Peni mfiche. Na pweza wa Forodhani usinisahau.

Wako wa siku zote,
Mshabiki mwenzio