Kavugho, mrekodi Mzee mapema

Dada Kavugho,

Habari za Butembo, habari za watoto, na mguu wa Mama Katungu unaendeleaje? Sisi huku Kasese wazima, Mungu anasaidia. Mbusa alipita hapa akitoka sokoni Mpondwe, akanieleza kuwa Mzee mmemtoa Oicha, kwamba macho yamekwisha kabisa ila akili bado kali. Poleni sana. Ndiyo maana naandika leo bila kungoja likizo.

Nina ombi. Mkalishe Mzee, washa simu, umrekodi akisimulia miaka aliyofundisha mlimani kwa Rwenzururu, ile harakati ya Wakonzo na Waamba wa milima ya Rwenzori waliojitenga na ufalme wa Toro hapa Uganda. Mwache aseme kwa Kinande chake, wala usimkatize akirudia rudia.

Kilichonichoma ni daftari la Thembo. Mwanangu ameandika, tena kwa mwandiko mzuri, kwamba Rwenzururu walikuwa waasi wa milimani ambao baadaye wakawa ADF. Na kapigiwa vema! Nililia, Kavugho. Ninyi mmeacha nyumba na mashamba kwa sababu ya hao ADF, waasi wa Uganda wanaoua watu huko kwenu, halafu wazee wetu watiwe kapu moja nao? Ni kweli, baadhi ya waliokuwa wapiganaji walimfuata Amon Bazira kwenye kundi lake la waasi, NALU, na NALU ikaja kuungana na ADF huko kwenu Kongo. Lakini Rwenzururu yenyewe ilikuwa imeshaweka silaha chini mwaka 1982, mfalme wake Charles Mumbere aliposhuka mlimani kwa makubaliano na serikali ya Obote.

Basi nikamketisha Thembo, tukaanzia 1921, viongozi wa Wakonzo, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, waliponyongwa na Waingereza. Tukafika 1962. Isaya Mukirane alikuwa mwalimu wa shule. Yeye na wenzake, akiwemo Kawamara wa Waamba, walidai mbele ya baraza la Toro kwamba Wakonzo na Waamba watajwe kwenye katiba ya ufalme kuwa wenyeji sawa na Watoro. Wakakataliwa, wakatoka barazani, viongozi wakakamatwa. Tarehe 30 Juni mwaka huo wakajitangazia nchi yao, Uganda yenyewe bado haijapata uhuru. Thembo akaniuliza, "Mama, wangetajwa tu, vita isingekuwepo?" Nikamwambia mimi naamini hivyo. Ardhi, kodi, watoto wetu kukosa nafasi shuleni, vyote vilikuwepo, lakini mtu akishatajwa anapata pa kusimama kudai hayo mengine.

Wasimulizi wengi huanza na mikuki, baraza wanaliruka. Na waliobaki wanaogopa kusema. Mama mkwe aliponihadithia walivyopanda mlimani usiku, alizima redio kwanza, akafunga dirisha. Alikuwa mtoto, kapewa kibuyu cha mbegu za ulezi akibebe, na mama yake alimnyamazisha mdogo wake kwa titi wakipita karibu na askari. Zaidi ya hapo hakusema. Tangu Novemba 2016, jeshi lilipoingia ikulu ya Mumbere hapa mjini na watu zaidi ya 100 wakauawa, ukimtaja Omusinga, yaani mfalme wetu, mtu anatazama nyuma. Mashtaka ya Mumbere yalifutwa 2023, karudi nyumbani, tumeshangilia, lakini hofu haijaondoka.

Kwa hiyo Mzee ndiye tegemeo langu. Yeye aliona kilichokuwa katikati: Mukirane alipofariki 1966, mwanawe Mumbere, kijana wa miaka kama 13, akaachiwa kiti, na bado watu wakaendelea kulipa kodi zao na kuwapeleka watoto shule zao wenyewe kule juu.

Muulize watoto waliandikia nini, vitabu vilitoka wapi? Nani alimlipa mshahara, au alilipwa kwa maharage? Kesi ziliamuliwa na nani? Alivuka vipi kutoka Kongo, na kwa nini alikubali, yeye ambaye Toro haikumhusu? Zile nyimbo bado anazikumbuka? Na wewe mwenyewe, unalala? Mmepata nyumba au bado mko kwa shemeji? Simu yako ina nafasi ya kutosha, au nimpe Mbusa kadi ya kumbukumbu akuletee soko lijalo? Nijibu upesi, hata kwa ujumbe mfupi.

Wasingya, dada.

Ni mimi Masika