Risala ya Kikundi cha Wachoraji na Wachongaji kwa Mgeni Rasmi, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha wetu,
Mwalimu Mkuu, uliyetuazima ukumbi huu,
Wazee wetu, walimu, wanafunzi,
Mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, aliyetujaalia uhai na uzima tukakutana hapa leo. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu na kufika kwa wakati. Hili la wakati tunalitaja makusudi, maana si wageni wetu wote waliojaaliwa kufika, na yupo mmoja tuliyemngoja mpaka wali ukalala. Karibu sana Wete.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza na watu sita chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, kikiwa na patasi mbili na kasha moja la rangi. Leo tuko wanachama 19, wanawake 7 na wanaume 12, tuna katiba, usajili na akaunti ya benki. Historia iliyobaki imo katika kabrasha ulilopewa mlangoni.

Kazi yetu ni kuchora na kuchonga vitu vya kila siku, kama vilivyo, bila ya kuviremba. Mtu akisikia mchoraji wa Tanzania hutarajia tembo, twiga na Mmasai na mkuki wake. Hatuna ugomvi na hayo. Marehemu Edward Saidi Tingatinga aliyaanza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli, na mpaka leo jina lake linalisha familia nyingi. Lakini Pemba hakuna tembo, Mheshimiwa. Kuna mbuzi ya kukunia nazi, kandili, dema, pakacha, birika lililobonyea na jamvi la kuanikia karafuu. Basi hivyo ndivyo tunavyochora.

Wapo waliotucheka, wakauliza nani atatundika picha ya mbuzi ya nazi sebuleni. Tunaomba utakapotembelea meza zetu usimame kidogo mbele ya kazi namba 3. Aliyeichora ni mama mtu mzima, na mbuzi ile aliachiwa na bibi yake. Tazama ulimi wa chuma: umelika upande mmoja tu, kwa sababu bibi alikuwa wa mkono wa kushoto. Kibao nacho kimeng'ara pale pa kukalia na kimebaki cheusi pembeni. Wanawe walipoiona walisema "hiyo ya bibi" kabla hawajaambiwa kitu. Picha ya tembo haijapata kutambuliwa hivyo na mtu yeyote hapa kwetu.

Wala hatuko peke yetu duniani. Hispania kuna mchoraji na mchongaji, Antonio López, aliyezaliwa mwaka 1936. Huyo amechora friji pamoja na vyakula vilivyomo, amechora beseni la kunawia na vikorokoro vya msalani vilivyo juu yake, na makumbusho makubwa yamevitundika. Alipoagizwa picha ya familia ya Mfalme Juan Carlos ilimchukua miaka 20 hivi, akaikabidhi mwaka 2014. Hiyo miaka 20 tutairudia mbele kidogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa. Kazi zetu zimevuka bahari na sasa ziko Ulaya. Mgeni mmoja aliyepitia hapa aliichukua picha ya kandili ndani ya begi lake, na tunaamini ilifika salama. Tumetoa ajira kwa vijana, ambao hutupigia msasa vinyago siku za Jumamosi. Tumefundisha wanafunzi wa skuli hii kuchora kivuli cha kikombe mpaka kikombe kikasimama mezani. Na tumedumu, jambo ambalo si dogo, kwani msimu wa karafuu ukiingia wanachama wote huwa juu ya miti na kikundi hulala mpaka karafuu ziishe.

Sasa tunaomba ruhusa yako tuseme lililotuleta.

Mheshimiwa, hatuna paa. Banda letu la kazi, hapo nyuma ya kiwanja cha mpira, lina kuta nne. Kuta hizo tumezipandisha wenyewe, tofali kwa tofali, kwa michango na kwa fedha za picha mbili zilizouzwa. Juu kuna makuti upande mmoja, na upande wa pili kuna turubai la plastiki tulilopewa na mvuvi alipolichoka. Ndiyo maana leo tumekukaribisha katika ukumbi wa skuli. Ungetukuta bandani, tungekuomba uje na mwavuli.

Huenda mtu akasema hawa ni wasanii, makuti yanawatosha, tena ndiyo yanayopendwa na watalii. Tunaomba kueleza. Rangi ya mafuta haikauki kama maji kwenye kanga. Mafuta yake hukauka kwa kuvuta hewa, polepole, na tabaka jembamba tu huchukua siku kadhaa. Siku zote hizo rangi mbichi hunasa kila kinachotua juu yake, na makuti yakizeeka hudondosha vumbi, nyuzi na vidudu. Kazi namba 11, ya kandili, ina sisimizi aliyezama karibu na utambi. Mwenyewe aliyechora amekataa kumtoa, anasema ndiye pekee aliyehudhuria kila siku.

Upande wa wachongaji hali ni mbaya zaidi. Gogo bichi la mfenesi ukilianika juani hupasuka, kwa kuwa nje hukauka na kujikunyata ilhali ndani bado lina maji. Linataka kivuli na upepo, kwa miezi. Mvua nayo ikilifikia linavimba, ukungu unaingia, na mchwa hawahitaji kadi ya mwaliko. Kwa hiyo mti unatudai paa la kuzuia jua, na paa hilo hilo lizuie mvua. Masika yaliyopita tulipoteza kinu, mchi wake na dema zima lililochongwa jicho kwa jicho kwa muda wa miezi minne. Picha nyingine zilibaki na madoa. Mgeni mmoja alisimama mbele ya picha ya birika akatusifu sana kwa jinsi tulivyoipatia kutu. Mheshimiwa, ulikuwa ukungu. Tulisema ahsante.

Suala hili si geni kwa viongozi. Tumelisoma katika risala tatu kabla ya hii, na kwa heshima zote tunakiri kwamba kila mara lilipokewa kwa makofi. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi kulifikisha panapohusika. Hatujui kama lilifika au bado liko njiani. Wa pili alisema paa hili ni dogo mno kwa mtu kama yeye, na tulifurahi, mpaka tulipofahamu baadaye kwamba pengine ndiyo sababu hakuliona tena. Wa tatu alifanya zaidi: kesho yake asubuhi alimleta fundi na futi ya kupimia. Fundi alipima urefu, akapima upana, akaandika kwenye daftari, akanywa madafu mawili, akaaga. Tangu siku hiyo hatujamuona fundi, wala futi, wala daftari.

Futi ile tumeichonga. Ni kazi namba 7, mti wa mfenesi, kwa ukubwa wake halisi, na ulimi umetoka nje kiasi cha shibiri. Haiuzwi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunachoomba ni mabati 60 ya geji 28 ya futi 10, kofia zake, mbao za kenchi na misumari. Ufundi tutautoa sisi, wamo maseremala wanne miongoni mwetu. Chakula cha siku za kuezeka watapika kina mama wa kikundi. Makadirio yamo katika bahasha ya kaki aliyoishika mwenyekiti, na tunakuomba uipokee kwa mkono wako usimwachie msaidizi, kwani bahasha mbili za mwanzo tulizikuta juu ya kiti baada ya wageni kuondoka. Rangi, brashi na patasi tunazihitaji pia, lakini hizo leo hatuziombi, tusije tukakupa nafasi ya kutuletea brashi.

Mfalme wa Hispania alisubiri miaka 20, lakini yeye alisubiri akiwa chini ya paa. Masika huanza Machi. Tukipata mabati kabla ya hapo, kazi zote unazoziona humu zitalala pakavu kwa mara ya kwanza.

Siku tutakayopigilia bati la mwisho tunakuomba urudi uichukue kazi namba 7, iwe yako. Jina lako tumeshaliandika nyuma yake, kwa penseli. Pale chini ya jina lako utaona pamekwaruzika kidogo, tunaomba radhi: alikuwepo aliyeandikwa kabla yako, tukamfuta.

Ahsante kwa kutusikiliza. Wabillahi tawfiq.

Risala hii imeandaliwa na kamati na kusomwa na Katibu wa Kikundi.