Mhariri, Sudoku sio mkeka wa kubeti

Ndugu Mhariri, mwangaluka. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule msomaji mwenzetu wa wiki iliyopita aliyesema vigemu vya mkononi vyote ni mlango wa kamari na wazazi wavikusanye wavichome. Mimi niko Tabora, Isevya, mtu mzima na ndevu zangu, naendesha bodaboda, na nikiwa kijiweni au stesheni nasubiri treni ya Kigoma iingie nipate abiria huwa natoa kigemu changu cha mkononi cha mtumba, Nintendo DS Lite, nacheza Sudoku, lile fumbo la namba. Kwa hesabu za ile barua na mimi ni mcheza kamari.

Tuelewane kwanza maana watu wakiona namba kwenye skrini wanajua ni odi za kubeti. Sudoku ni boksi lenye vyumba 81, tisa kwa tisa, vingine vimeshajazwa vingine vitupu, we unajaza 1 mpaka 9 ila namba isijirudie kwenye mstari wa kulala, wa kusimama, wala kwenye kiboksi cha tatu kwa tatu. Basi. Hakuna kujumlisha hakuna kutoa, hata ungeweka picha tisa za matunda badala ya namba gemu ingekuwa ileile. Na kama imetengenezwa vizuri jibu ni moja tu, kila namba unayoweka unaweza kumweleza mtu kwanini imekaa pale. Mwaka 2012 mtaalamu wa hesabu Gary McGuire na wenzake wa Dublin, Ireland, walitumia kompyuta wakathibitisha kwamba ukianza na namba chini ya 17 haiwezekani jibu likabaki moja. Bahati inaingilia wapi hapo? Wazee wanaocheza bao chini ya mwembe wanapiga hesabu hivyohivyo na hakuna aliyewaita wacheza kamari (labda wakiwekeana soda, hilo lingine).

Kamari ni dubwi. Yale mashine ya kutumbukiza sarafu ya mia mbili, mtoto katumwa chumvi na yunifomu yake bado mwilini, chenji inaishia mule, muuzaji anajifanya anapanga sabuni. Sheria ya michezo ya kubahatisha ipo tangu 2003, bodi ipo, chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa, sasa msomaji wetu kayaruka yote hayo kaja kukamia kigemu kama hiki changu ambacho hakina hata pa kuingiza hela.

Najua kuna atakayesema si ucheze kwenye simu, Sudoku za bure ziko kibao. Hapo ndo penyewe sasa. Ya bure kwenye simu unamaliza boksi moja linakuja tangazo, unafunga linakuja lingine, na nusu ya yanayonijia mimi ni ya kubeti, weka buku uvune mamilioni, yaani mtu katulia zake na namba zake wanamvuta kwa nguvu kwenye mkeka. DS haina hayo. Unachomeka kikadi, unaishika kwa kuisimamisha kama kitabu, unaandika namba na kile kikalamu chake, haihitaji bando. Umeme ukikatika haikuhusu, ukishusha mwanga wa skrini inakwenda saa 15 na zaidi kwa chaji moja ikiwa mpya, yangu ya mtumba haifiki huko lakini jioni nzima inanimalizia. Kwahiyo mzazi mwenye wasiwasi akikuta kigemu cha zamani sokoni cha bei ya kueleweka, mi naona ni salama kuliko kumwachia mtoto simu.

Sijasema gemu inampa mtu akili, hapo nisiwekewe maneno mdomoni. Hizo za kunoa ubongo zimetangazwa sana, ile ya Dr Kawashima kwenye DS iliyouzwa nje ya Japani ilikuwa na Sudoku ndani, naipenda, ila kule Marekani mwaka 2016 Lumosity, wenye magemu ya kunoa ubongo, walikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali kuwabana kwa kuahidi watu makubwa wasiyoweza kuyathibitisha. Ukicheza sana Sudoku unakuwa mjuzi wa Sudoku, na unakaa bila kumsumbua mtu. Kwangu inatosha.

Mwisho nina ombi kwenu nyie wenyewe. Hii Sudoku ilianza kwenye karatasi, Mmarekani Howard Garns aliitunga ikatoka kwenye jarida la mafumbo 1979, Wajapani wa kampuni ya mafumbo ya Nikoli wakaichukua 1984, halafu 2004 jaji mstaafu Wayne Gould akaipeleka The Times la London, ndo dunia nzima ikaanza. Magazeti ndo yaliyoibeba. Nyie fumbo lenu la namba mnalitoa siku mkikumbuka, af mnalibana chini ya jedwali la odi za mechi, sasa msomaji akichanganya mambo mnamlaumu vipi? Liwekeni karibu na katuni huko. Na jibu litoke toleo la kesho yake, sio ukurasa huohuo kwa kuligeuza kichwa chini, maana kuna jamaa zangu hapa kijiweni wanageuza gazeti kabla hata hawajashika kalamu.

Mdau wa namba, Isevya, Tabora